Kuuza na Kuuzisha: Historia ya Kitenzi cha Soko kutoka Pwani hadi Yanonge

Mkazi wa Dar es Salaam akiandika, "Nimeuza magunia matatu ya mchele," msomaji wake ataelewa kwamba mchele umemtoka na fedha zimemwingia. Maneno hayo hayo yakitamkwa katika soko la Yanonge, kiasi cha kilomita 60 chini ya Kisangani, katika ukingo wa kushoto wa mto Kongo, msikilizaji ataelewa kinyume chake: fedha zimetoka na mchele umeingia nyumbani. Anayetaka kutoa mchele na kupokea fedha hasemi "nauza", husema "nauzisha". Tofauti hii haiko Yanonge peke yake. Imeenea Kisangani, Kivu na Katanga, na wasemaji wa Kiswahili cha mashariki ya Kongo huijua tangu utotoni. Hata hivyo, katika vitabu vingi vya sarufi hutajwa kwa mstari mmoja tu, tena mara nyingi chini ya kichwa cha "makosa". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kitenzi hiki kina historia, na kwamba historia hiyo haimwelekei mwenye kudai kosa.

Inafaa kuanza na Kiswahili cha pwani chenyewe. Katika Kiswahili sanifu, jozi ya kawaida ya soko ni -nunua kwa upande wa anayetoa fedha na -uza kwa upande wa anayetoa mali. Pembeni mwa jozi hiyo vimo visawe vyenye ladha zake. Kuchuuza, ambako katika kamusi za zamani huonekana pia kama kuchuruza, ni kuuza rejareja. Kulangua ni kununua ili kuuza kwa bei ya kuumiza. Kunadi ni kutangaza mali kwa sauti ili wanunuzi wapandishe bei. Kutembeza ni kuizungusha mali hiyo mitaani. Visawe hivi vyote vinahusu namna ya kuuza, na hakuna hata kimoja kinachogeuza upande wa muuzaji na mnunuzi. Kwa hiyo, aliyezoea Kiswahili sanifu huona kwamba kitenzi -uza kina upande wake tangu asili, na kwamba Mkongo ndiye aliyekigeuza.

Lakini upande huo si wa asili. Wataalamu wa Kibantu linganishi, hasa Malcolm Guthrie katika juzuu zake za 1967 hadi 1971, wamerejesha mzizi wa kale unaokaribia *-gud-, wenye maana ya kununua. Mzizi huo uko hai hadi leo: Kiganda husema okugula, Kinyarwanda kugura, Kinyamwezi kugula, na Kigiriama, jirani na ndugu wa karibu wa Kiswahili huko pwani ya Kenya, husema kugula. Katika lugha zote hizo maana ni moja, kununua. Kuuza katika Kigiriama ni kuguza, yaani kitenzi kile kile kilichonyambuliwa katika kauli ya kutendesha: kumfanya mwingine anunue. Kiganda nacho kina okuguza, kumuuzia mtu kitu, ingawa neno lake la kawaida la kuuza ni okutunda.

Kiswahili kimepitia njia hiyo hiyo. Sauti g ya kale imedondoka katika baadhi ya maneno, kama mtu anavyoweza kuona akilinganisha okugenda ya Kiganda na kwenda ya Kiswahili. Na sauti l ikikutana na kiambishi cha kale cha kutendesha hugeuka z, kama katika -lala na -laza. Hivyo -gula ingetoa -ula, na -guza ingetoa -uza. Kwa maneno mengine, -uza ya Kiswahili ni mtoto aliyebaki baada ya mzazi wake kutoweka katika usemi wa kawaida, na nafasi ya mzazi ikachukuliwa na -nunua. Msemaji wa leo hana njia ya kuhisi kwamba ndani ya -uza mna unyambulishaji. Kwake ni shina tupu, kama -pika au -lima. Jambo hili ndilo kiini cha maelezo yote yanayofuata: kitenzi kilichokwisha kupoteza alama ya unyambulishaji wake ni rahisi kupokelewa na wageni kama shina, na wageni hao wakakipa maana ambayo shina la aina hiyo huwa nayo katika lugha zao.

(Mwanafunzi wa ushairi wa kale atakumbuka pia -uza nyingine, yenye maana ya kuuliza. Hiyo ni ya ukoo tofauti, ule wa okubuuza ya Kiganda. Maneno mawili yasiyo na undugu yameangukia umbo moja kwa sababu konsonanti zao za mwanzo zimepotea. Haihusiki na soko, isipokuwa kwa kuonyesha jinsi umbo hili fupi lilivyo jepesi kubeba mizigo isiyo yake.)

Kitenzi hiki kilifikaje Yanonge? Kiswahili hakikufika huko kwa shule wala kwa vitabu. Mwishoni mwa Januari 1877 msafara wa Henry Morton Stanley, uliokuwa na watu wengi kutoka Zanzibar, ulishuka mto chini ya maporomoko yatakayoitwa kwa jina lake, na kupita kwa haraka, mara nyingi kwa vita, mbele ya vijiji vya ukingoni. Wafanyabiashara wa Nyangwe na Kasongo walifuata nyuma. Novemba 1883, Stanley alipopanda tena mto kwa mashua za moshi, alikuta vijiji vya eneo hilo vimeteketezwa, na akafika kwenye kambi ya wavamizi, watu wa Abed bin Salim wa Nyangwe. Mateka waliokuwamo, kwa hesabu yake, walikuwa kiasi cha watu 2,300. Mwezi uliofuata kituo cha Stanley Falls kikaanzishwa. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, akakubali kuwa liwali wa maporomoko hayo kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo, hadi utawala wa watu wa pwani ulipovunjwa katika vita vya 1892 hadi 1894.

Watawala hao waliondoka, lakini Wangwana wao walibaki. Jina hilo, linalotokana na waungwana, lilihusu wafuasi wa misafara waliovaa nguo za pwani na kusema lugha ya pwani, na wengi wao walikuwa watu wa Maniema na kwingineko barani, ambao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Kiswahili chao kiliitwa Kingwana, na kilikuwa kimekwisha kupata sura yake mwaka 1928, wakati John Whitehead na L. F. Whitehead walipochapisha kitabu cha kukifundisha huko Wayika, katika bonde la Lualaba. Wangwana ndio waliowafunza watu wa mtoni maneno ya biashara, pamoja na kilimo cha mpunga, ambao hadi leo ni miongoni mwa mazao yanayopakiwa mitumbwini kuelekea Kisangani.

Hapa panahitaji kutazamwa soko lenyewe lilivyokuwa. Walokele wa Yanonge na vijiji jirani walikuwa wavuvi na wachuuzi wa mtoni kabla ya mgeni yeyote kufika. Walibadilishana samaki na mazao ya watu wa msituni, Watopoke na Wambole miongoni mwao. Kwa mambo makubwa, kama mahari, palikuwa na vyuma vikubwa vyenye umbo la mkuki, vinavyojulikana kama liganda, ambavyo vingine vilizidi urefu wa mtu mzima. Baadaye zikaja nguo, shanga, na vyuma vya shaba vilivyoitwa mitako. Katika soko la namna hiyo hakuna mnunuzi na muuzaji kwa maana ya leo. Kuna watu wawili, kila mmoja ana kitu na anataka kitu. Mwenye pembe "anauza" pembe kwa nguo, na mwenye nguo "anauza" nguo kwa pembe. Kitenzi kilichosemwa na mchuuzi wa pwani katika hali hiyo kilimfikia msikilizaji kama jina la tendo zima la kubadilishana, na si jina la nusu yake moja.

Ongeza juu ya hayo kwamba mtu wa kijijini alikwenda sokoni akiwa na haja. Hakwenda ili aachane na samaki wake. Alikwenda ili apate chumvi. Kitu kilichotajwa baada ya kitenzi kilikuwa kile alichokitaka. "Naenda kuuza chumvi" kwake ilikuwa safari ya kutafuta chumvi, na maana hiyo ndiyo iliyodumu.

Maelezo haya ya kubadilishana mali, ingawa yana nguvu, hayatoshi peke yake. Kubadilishana mali kulikuwako pia Unyamwezi na pwani, na huko -uza haikugeuka. Kilichoongezeka Kongo ni sarufi ya majirani. Katika lugha nyingi zinazozunguka eneo la Kingwana, kununua ndiko shina, na kuuza ni shina hilo pamoja na kiambishi cha kutendesha kinachosikika wazi. Kinyarwanda kina kugura na kugurisha. Kibemba, kusini, kina ukushita na ukushitisha. Msemaji wa lugha ya namna hiyo akipewa shina moja la soko, yaani -uza, atalipa kwanza maana ya kununua, kisha atajitengenezea mwenyewe -uzisha kwa kuuza. Ndivyo ilivyotokea. Kongo imeirudisha -uza mahali pa mzazi wake aliyepotea, -gula, bila kumjua mzazi huyo, halafu imeinyambua upya kwa kiambishi -ish- kama vile Kibantu cha kale kilivyoinyambua mara ya kwanza. Kihistoria, kwa hiyo, neno -uzisha lina kutendesha mara mbili, moja iliyokufa ndani ya z na nyingine iliyo hai.

Mwenye kudai kwamba huu ni uharibifu wa lugha anapaswa pia kueleza jozi nyingine za Kiswahili sanifu chenyewe. Anayechukua mkopo anakopa, anayeutoa anakopesha. Anayeingia nyumba ya mwingine kwa malipo anapanga, mwenye nyumba anapangisha. Anayechukua gari kwa siku moja anakodi, mwenye gari anakodisha. Katika jozi hizi zote mpokeaji ana shina tupu na mtoaji ana -sh-. Kati ya vitenzi vya mali kupita mikono miwili kwa malipo, -nunua na -uza ndiyo jozi iliyokwenda kinyume cha utaratibu. Mtoto wa Yanonge anayesema -uza na -uzisha anafuata kanuni ambayo mtoto wa Unguja anaifuata katika -kopa na -kopesha.

Wala jambo hili si geni duniani. Wanasarufi wa Kiarabu waliandika vitabu vizima kuhusu maneno yenye maana mbili zinazopingana, waliyoyaita adhdadi, na kitenzi shara, kilichoweza kumaanisha kununua au kuuza, ni mfano wao maarufu. Kijerumani kina kaufen, kununua, na kwa kuongeza kiambishi awali kinapata verkaufen, kuuza. Katika Kichina maneno mawili hayo hutofautiana kwa toni tu. Kitenzi cha Kiingereza "sell", ambacho leo kila mwanafunzi hukitafsiri kuwa kuuza, katika Kiingereza cha kale kilikuwa na maana ya kutoa au kukabidhi tu, bila bei. Msomaji wa Kisangani hahitaji kwenda mbali hivyo: Kifaransa anachokisoma ofisini kina kitenzi "louer", ambacho humhusu mpangaji na mwenye nyumba kwa pamoja, na hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba Wafaransa wameharibu lugha yao.

Jirani wa Kiswahili huko Yanonge ni Lingala, na hapo mambo huchangamka zaidi. Lingala ilipanda mto pamoja na mashua za moshi na askari, nayo ina kosomba, kununua, na koteka, kuuza. Sikio la Mswahili wa pwani huyasikia maneno haya kwa mshangao. Kwake kusomba ni kubeba vitu vingi mara kwa mara hadi viishe. Kuteka ni kuchota maji kisimani, au kukamata watu na mali vitani. Yaliyompata mtu wa ukingo huu katika miaka ya 1880 yaliitwa kuteka kwa Kiswahili. Wajukuu zake wanaoteka samaki kwa Lingala hawana habari na neno hilo la mateka. Ni sadfa ya sauti tu, na mwanaisimu hapaswi kuijengea nyumba, lakini mwanahistoria atasamehewa akisimama kidogo mbele yake.

Maana ya kitenzi haikubadilika kwa sababu ya utawala wa Dola Huru, lakini uzoefu wa kuuza ulibadilika sana. Kuanzia 1891 pembe na mpira wa msituni vilifanywa kuwa haki ya serikali katika sehemu kubwa ya nchi, na mtu alileta mpira akapewa chochote kilichokadiriwa na ofisa. Biashara huru ilirudishwa kwa hatua kuanzia 1910, mwaka ambao pia kodi ya fedha iliwekwa rasmi, na baadaye yakaja mazao ya lazima. Katika hali hiyo mkulima alilazimika "kuuzisha" ili apate fedha za kodi. Kiambishi cha kutendesha, ambacho mwanasarufi hukieleza kwa utulivu, hapo kinapata uzito mwingine: aliyeuzisha alikuwa yeye mwenyewe ametendeshwa.

Ugumu mkubwa wa leo hauko katika shina bali katika minyambuliko. "Uniuzie viatu" katika Kiswahili sanifu ni ombi la mteja kwa mwenye duka. Kisangani ni ombi la mtoto kwa baba yake, ninunulie. Anayezungumza na mwenye duka atasema "uniuzishie". Mbaya zaidi ni sentensi kama "Nimeuza kiwanja kwa fulani." Pwani, fulani ndiye mwenye kiwanja sasa. Kisangani, fulani ndiye aliyekuwa nacho, maana "kwa" huonyesha mahali kilikotoka. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, na mwenye mali ni mtu tofauti. Karatasi ya namna hiyo, iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mashahidi wawili na kutiwa sahihi, ikisomwa miaka 20 baadaye na hakimu aliyelelewa kwa lahaja nyingine, inaweza kumpokonya mjane shamba lake bila mtu yeyote kusema uongo.

Hatari hiyo imekua. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022 na kuwa mwanachama kamili Julai mwaka huo. Mfanyabiashara wa Kisangani na mwenzake wa Mombasa au Kigoma wanaweza kuandikiana kwa Kiswahili, kila mmoja akiamini kwamba wanatumia lugha moja. Katika mambo mengi ni lugha moja. Katika neno hili la lazima zaidi kwa mfanyabiashara, si hivyo. Anayeandika ujumbe "nataka kuuza tani mbili za mchele" anaweza kujikuta amepelekewa mchele aliotaka kuuondoa ghalani.

Shule imelijibu tatizo hili kwa kalamu nyekundu. Mwanafunzi hufundishwa kile kinachoitwa Kongo Kiswahili bora, -uza yake husahihishwa kuwa -nunua, na -uzisha yake kuwa -uza. Hatua hiyo ina manufaa, kwani bila lugha ya pamoja hakuna mkataba wa pamoja. Kasoro yake ni kwamba mwalimu haelezi. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba mama yake sokoni anasema vibaya hujifunza kuona haya, na hajifunzi kutofautisha. Akirudi nyumbani ataendelea kusema -uzisha, kwa sababu soko zima linasema hivyo, na siku ya kuandika karatasi ya kiwanja atachanganya mifumo miwili katika mstari mmoja. Huyo ndiye wa kuhofiwa, kuliko yule asiyejua -nunua kabisa.

Wanakamusi nao wanadaiwa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 haikuipa -uza maana ya Kongo, na kwa wakati wake hilo lilieleweka, maana ilikusudiwa kuwa kamusi ya usanifu. Lakini kamusi inayotaka kuwatumikia wasemaji wa Afrika ya Mashariki nzima haiwezi kuwaacha nje mamilioni ya watu wanaokitumia kitenzi hiki kila asubuhi. Utafiti wa Kiswahili cha Kongo haukosekani: Edgar Polomé aliandika juu ya Lubumbashi katika miaka ya 1960, Johannes Fabian alieleza mwaka 1986 jinsi utawala wa kikoloni ulivyokishughulikia Kiswahili cha Katanga, na Nico Nassenstein alichapisha mwaka 2015 maelezo ya Kiswahili cha Kisangani. Kinachokosekana ni mistari miwili katika kamusi, chini ya -uza, yenye alama ya mahali.

Wakati huohuo watu wa soko wamejitafutia njia zao. Katika mazungumzo, mkono unaoonyesha noti au unaoinua fungu la samaki hueleza upande wa msemaji kabla ya kitenzi kufika. Penye shaka, majina ya "muuzaji" na "mnunuzi" huachwa, na kila mtu hutajwa kwa kitu alichonacho: mwenye mchele na mwenye feza. Mtindo huo ungefaa hata katika karatasi za viwanja. Mwenye kiwanja atajwe kwanza kwa jina, pamoja na mipaka ya kiwanja chake. Kisha aliyetoa feza, pamoja na kiasi alichotoa. Kisha iandikwe kwamba kuanzia tarehe fulani kiwanja ni cha huyu wa pili. Katika karatasi ya namna hiyo kitenzi -uza hakihitajiki hata mara moja.